Kamba Moja Inatosha Kupima Unene



Miaka mitatu iliyopita dada yangu mkubwa alikwenda zahanati kwa sababu kichwa kilikuwa kinamuuma. Alidhani ni malaria. Akapimwa damu, malaria hakuna. Akapimwa presha, ikakutwa 170 kwa 105. Akapimwa sukari, nayo ilikuwa juu. Mganga akamwambia, "Mama, dawa utakunywa. Lakini na unene nao upunguze." Akampa na karatasi ya kwenda kusoma nyumbani.

Karatasi ile tuliisoma pamoja jioni. Ilijaa tarakimu. Kipande cha mkate kalori kadhaa, yai kalori kadhaa, jibini kalori kadhaa. Kwa siku usizidishe kalori 1,500. Dada akaniuliza, "Sasa ugali una ngapi? Na mlenda una ngapi?" Tukatafuta. Ugali haumo. Mlenda haumo. Michembe haimo. Jibini, ambayo dada hajapata kuila tangu azaliwe, imo. Akaikunja ile karatasi, akaiweka chini ya godoro.

Makala hii ni kwa ajili ya watu kama dada yangu. Ameambiwa apunguze unene, hana mizani, na hesabu za kalori hazimsaidii. Njia ipo. Yeye ameifuata na mimi nimeiona kwa macho.

KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Chakula kikiingia mwilini hutumika kama kuni. Kinachozidi hakitupwi. Mwili hukigeuza kuwa mafuta na kuyaweka akiba tumboni, kiunoni, makalioni, hata ndani kabisa kuzunguka maini na matumbo.

Akiba hiyo si mbaya ikiwa ndogo. Zamani iliwasaidia wazee wetu wakati wa njaa. Ubaya ni pale akiba inapoongezwa kila siku na siku ya kuitumia haifiki. Mafuta ya tumboni ndiyo mabaya zaidi. Ndiyo yanayovuta kisukari, presha na magonjwa ya moyo.

Kwa hiyo kalori zipo, wala si uongo. Lakini huna haja ya kuzihesabu. Mkulima hahesabu punje za mahindi ili ajue kama ghala limejaa.

KWA NINI TUNAPENDA UNENE?

Hapa tuseme ukweli. Kwetu mtu akinenepa husifiwa. "Umenawiri!" "Maisha yamekukubali!" Mume ambaye mke wake amekonda husemwa kuwa hamtunzi. Kitambi cha mwanamume huitwa kitambi cha pesa.

Tena kuna sababu nyingine, nayo ni ya majonzi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Miaka iliyofuata tuliwaona ndugu zetu wakikonda mpaka kufa. Tangu wakati huo mtu akipungua mwili majirani hunong'ona. Dada alipoanza kupungua, shemeji zake walimwita kando wakamwuliza, "Dada, kuna nini? Tuambie sisi ni ndugu zako." Mama mmoja alimletea uji wa lishe. Dada alicheka, lakini usiku alilia. Kidogo aache.

Siku hizi hata mwenye virusi vya UKIMWI akitumia dawa vizuri anaweza kuwa na mwili wake mzima. Wembamba hautuonyeshi nani mgonjwa. Wala unene hautuonyeshi nani mzima.

Wazee watakumbuka mwaka 1973, tulipokaa katika vikundi kusikiliza redio, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Vyoo vingi vilichimbwa wakati ule. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Shida kubwa iliyosemwa ilikuwa kula kidogo na kula vibaya. Shida hiyo haijaisha. Lakini ya pili imekuja kukaa nayo nyumba moja. Unaweza kumkuta mtoto aliyedumaa, na mama yake mwenye unene uliopita kiasi, wote wanakula chungu kimoja. Katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikutwa na uzito uliozidi. Mijini ni wengi zaidi, lakini vijijini wapo.

PIMA KWA KAMBA

Chukua kamba isiyovutika. Uzi wa katani unafaa. Simama wima bila viatu, mtu akupime kutoka kisigino mpaka utosini. Kata hapo. Kamba hiyo ndiyo urefu wako.

Sasa ikunje katikati, iwe nusu. Zungusha ile nusu kiunoni, juu kidogo ya kitovu, pasipo na nguo nzito. Toa pumzi kama kawaida. Usivute tumbo ndani, maana unamdanganya nani?

Ncha zikikutana bila kubana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na tumbo limeweka akiba ya hatari. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa sentimita 160, kiuno chake kisifike sentimita 80. Wataalamu wa afya katika nchi nyingine hutumia kipimo hicho hicho cha nusu ya urefu, ila wao wana futi za kupimia. Kipimo hiki ni cha watu wazima. Mama mjamzito asijipime hivi.

Dada alipojipima mara ya kwanza ncha zilipungukiwa kwa vidole sita. Akaiweka kamba yake kwenye msumari nyuma ya mlango. Hujipima mara moja tu kwa mwezi. Ukijipima kila siku utakata tamaa bure, kwa sababu mwili haupungui kwa siku moja.

SUKARI YA CHAI

Tulianza na chai, kwa sababu ni rahisi kuhesabika. Dada alikuwa anakunywa vikombe 3 kwa siku, kila kikombe vijiko 4. Chukua daftari uhesabu nami. Vikombe 3 mara vijiko 4 ni vijiko 12. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Kwa hiyo 12 mara 4 ni gramu 48 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, unapata gramu 1,440. Karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mwezi, mtu mmoja, kwa chai peke yake! Zidisha mwenyewe kwa bei ya dukani kwenu uone.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba ni bora zaidi isizidi gramu 25, yaani vijiko 6 hivi. Dada alikuwa amekwisha kuimaliza kabla hajagusa andazi.

Soda ndiyo usiseme. Chupa moja ya mililita 350, kwa soda nyingi, ina sukari ya vijiko kama 8 au 9. Hakuna mtu ambaye angetia vijiko 9 katika kikombe cha chai akanywa. Ikiwa baridi yenye gesi ulimi hauoni. Juisi za pakiti nazo ni vivyo hivyo. Embe, chungwa au papai zima si tatizo, kwa sababu tunda lina nyuzinyuzi na hushibisha. Kula tunda, usilikamue.

Dada hakuacha sukari kwa siku moja. Wiki mbili alitia vijiko 3. Wiki mbili nyingine vijiko 2. Kisha 1. Sasa akinywa chai ya kwangu anakunja uso, anasema ni uji wa sukari. Ulimi hufundishika. Mchaichai na tangawizi humsaidia, maana chai yenye harufu nzuri haidai sukari nyingi.

CHUPA YA MAFUTA

Ukipima kwa uzito, mafuta ya kupikia yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga au sukari. Tena hayaonekani. Yakishaingia kwenye mboga, nani ayajue? Na ukikaanga muhogo au andazi, linayanywa kama sifongo.

Hapa elimu yetu ya kusoma na kuandika ilitusaidia kweli. Dada alichukua kalamu, akaandika tarehe siku aliyofungua chupa ya lita moja. Nyumbani kwake wako watu 6. Chupa ilikwisha baada ya siku 5. Tukapiga hesabu: mililita 200 kwa siku, yaani kila mtu zaidi ya vijiko viwili vikubwa, mtoto na mkubwa. Dada mwenyewe hakuamini. Alisema labda kuna mwizi.

Mwizi alikuwa mkono. Alikuwa anamimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Sasa anapima kwa kijiko. Mboga za majani anaziunga kwa karanga zilizosagwa, na akitia karanga hatii mafuta tena, maana karanga zenyewe zina mafuta. Samaki anamchemsha au anamchoma. Maandazi yamekuwa ya sikukuu. Chupa ile ile sasa inamaliza siku 12. Tarehe anaziandika nyuma ya ile karatasi ya kalori, kwani nyuma kulikuwa kweupe.

SAHANI YAKO MWENYEWE

Sisi tumezoea kula pamoja kwenye sinia. Ni desturi nzuri. Lakini mlipo wanane hujui umekula matonge mangapi, na anayekula haraka ndiye anayeshiba sana. Dada aliomba radhi, akaanza kujipakulia kwenye sahani yake, akikaa na wenzake mkekani kama kawaida. Mwanzoni watoto walidhani amewakasirikia.

Nusu ya sahani anaweka mboga za majani: mchicha, matembele, mgagani, kisamvu, mlenda, chochote cha msimu. Robo anaweka maharage, kunde, dagaa au samaki. Robo iliyobaki ugali, wa ukubwa wa ngumi yake, na siku ya kulima ngumi mbili. Zamani ilikuwa kinyume. Ugali ulikuwa mlima na mboga ilikuwa ya kulowanishia tonge.

Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Sembe limekobolewa, pumba na kiini vimetolewa, limebaki wanga. Dona lina nyuzinyuzi, hukaa tumboni muda mrefu na njaa hairudi upesi. Ila mahindi yawe makavu kabisa na yasiwe na kuvu hata kidogo, kwa sababu sumu ya kuvu haiondoki kwa kupika. Mtama na ulezi pia ni vizuri. Viazi vitamu vya kuchemsha ni vizuri kuliko mkate mweupe wa dukani.

Kula polepole. Tumbo huchelewa kupeleka habari kwamba limeshiba. Ukimaliza sahani, ngoja kidogo, kunywa maji, zungumza na watu. Baada ya dakika 20 hivi jiulize kama bado una njaa. Mara nyingi utakuta hamu imekwisha.

CHAKULA CHA KIWANDANI

Mwaka 2019 wataalamu wa serikali ya Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja zuri. Waliwakaribisha watu 20 wakae katika hospitali ya utafiti kwa wiki 4. Wiki mbili waliwapa vyakula vilivyotengenezwa sana viwandani. Wiki mbili nyingine waliwapa vyakula vya kawaida: mboga, matunda, nafaka, nyama na samaki. Vyakula vya aina zote mbili vilivyowekwa mezani vililinganishwa sukari, mafuta na chumvi. Na hakuna aliyeambiwa ajinyime. Kila mtu alikula kiasi alichotaka.

Je, nini kilitokea? Katika zile wiki mbili za vyakula vya kiwandani watu walikula haraka zaidi, wakala zaidi, wakaongezeka karibu kilo moja. Katika wiki mbili za vyakula vya kawaida walipungua karibu kilo moja. Hakuna aliyehesabu kalori mezani, chakula chenyewe kilifanya kazi.

Sisi wa kijijini tuna bahati hapo, kwa sababu chakula cha kawaida ndicho kilicho shambani kwetu. Lakini tazama duka la jirani. Biskuti, tambi za pakiti, soseji, viazi vya kukaanga vya pakiti. Mkulima anauza kunde zake ili anunue biskuti. Mimi hilo linanikera, na sioni haya kulisema.

NA KUTEMBEA JE?

Wengi husema, "Mimi nalima, siwezi kunenepa." Siyo kweli. Kazi ni nzuri, lakini peke yake haitoshi.

Wahadzabe wanaishi karibu na Ziwa Eyasi, hapa hapa Tanzania. Wanawinda, wanachimba mizizi, wanarina asali, na hutembea kilomita nyingi kila siku. Wataalamu walidhani lazima wanachoma nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Wakapima. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, nguvu zinazotumika kwa siku nzima zilikuwa karibu sawa! Inaelekea mwili ukifanya kazi sana hubana matumizi yake mahali pengine. Hivyo usinywe soda mbili ukasema utazitembelea.

Basi tusitembee? La. Kutembea kunashusha presha na sukari, kunaimarisha moyo na mifupa, na kunasaidia mtu aliyekwisha pungua asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kulima, kuchota maji na kutwanga vimo katika hesabu hiyo. Dada alikuwa anapanda bodaboda kwenda gulioni. Sasa anakwenda kwa miguu, anarudi kwa bodaboda na mzigo wake.

Pombe nayo ina nguvu nyingi, iwe ya chupa au ya kienyeji, tena huleta hamu ya nyama choma saa nne za usiku. Na usingizi mfupi huongeza njaa. Lala.

TAHADHARI

Haya hayamhusu kila mtu. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga, na watoto wasijipunguze bila ushauri wa zahanati. Mtu anayekonda bila kutaka aende kupimwa upesi. Huenda ni kifua kikuu, kisukari au ugonjwa mwingine wenye dawa.

Anayetumia dawa za kisukari au presha asiziache kwa sababu amepungua. Tena amweleze mganga kabla ya kubadili chakula, maana ukila kidogo na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka ukazimia.

Usinunue vidonge na chai za kupunguza unene zinazouzwa magulioni. Nyingi huharisha tu. Unapoteza maji, unadhani ni mafuta, na kesho ukinywa maji unene umerudi, lakini fedha hairudi. Kushinda na njaa siku nzima nako hakufai. Usiku utalipiza.

Usitazamie muujiza. Mtu wa kilo 80 akipungua kilo 4 hadi 8 tu, presha na sukari kwa kawaida huanza kuwa nzuri zaidi, ingawa kwa macho bado ni mnene.

Dada bado si mwembamba. Ncha za kamba yake sasa zimepungukiwa kwa vidole viwili. Presha mwezi uliopita ilikuwa 134 kwa 84. Mganga amempunguzia kidonge kimoja, viwili bado anameza. Magauni matatu amempelekea fundi cherehani ayabane. Yule mama aliyemletea uji wa lishe alikuja tena wiki iliyopita, safari hii hakuleta kitu. Alisimama mlangoni, akaitazama ile kamba kwenye msumari, akauliza inauzwa wapi.